Mkanda Uliolelewa kwenye Nyumba Safi

Saa tisa na robo alasiri, Popo anaingia chooni kwa mara ya tisa, na wala hajabanwa.

Anasimama katikati ya vigae, anabonyeza kitufe kwenye mkanda uliomzunguka kiuno, anatamka "choo" kama mwanafunzi anayeitikia jina lake darasani, kisha anajizungusha polepole huku akihesabu mpaka ishirini, kama nyama inayogeuzwa iive pande zote. Anatoka. Anashika korido. Anabonyeza tena.

"Korido."

Mlinzi wa zamu ya mchana, ambaye kibanda chake kinatazamana na mlango mkubwa wa chuo hiki cha ufundi, amemfuata kwa macho tangu asubuhi.

"Mama, tumbo vipi leo?" anauliza.

"Langu zima," Popo anajibu bila kusimama. "Wewe angalia lako, limefika getini kabla yako."

Mlinzi huyu wanamwita Jicho, kwa sababu hapitishi siku bila kutangaza kwamba jicho lake halilali. Msomaji aliweke hilo mfukoni, atalihitaji mbele ya safari.

Jina la Popo nalo limetoka kwa wapishi wa chuo, na mwenyewe hakulikataa. Popo yule mnyama wa usiku huruka gizani kwa kupiga kelele nyembamba na kusikiliza zinavyomrudia. Mkanda unafanya hivyohivyo. Una kiboksi cha ukubwa wa kipande cha sabuni, chenye matundu mawili kama pua. Tundu moja linatoa sauti ambayo hakuna sikio la binadamu linaloidaka. La pili linasikiliza mwangwi wake. Ndani mna kompyuta ndogo.

Sauti ikigonga vigae inarudi na ukali wake wote. Ikigonga godoro inarudi imechoka. Ikiingia kwenye korido ndefu inachelewa njiani kama mtoto aliyetumwa dukani. Kwa tofauti hizo kompyuta inajifunza kujua mvaaji wake yuko wapi, kisha inamnong'oneza kwa kidude cha sikioni: ngazi, jikoni, chumba cha kulala.

Watu hawaisikii sauti hiyo. Paka wa jikoni anaisikia. Kila Popo akiingia, paka anatoka, tena kwa dharau.

Kazi ya Popo ni kuifundisha kompyuta. Kuna sehemu ishirini za kujifunza, na kila moja anaipitia mara kumi kwa siku. Ukizidisha, ni mara mia mbili za kubonyeza, kutamka na kujizungusha, siku tano kwa wiki. Viatu vyake vya raba vimekwisha visigino, jozi ya pili hiyo tangu aanze. Ujira ni mara moja na nusu ya aliokuwa akipata kwa kufagia majengo hayohayo, kazi aliyoifanya miaka kumi na mmoja.

Leo ni Jumanne. Alhamisi mkanda unapimwa.

Ukitaka kuzungumza na Popo uje na miguu, kwa sababu haketi. Sentensi anaianzia kwenye karakana ya mbao, anaikatia mlangoni, anaimalizia kwenye ngazi.

"Alhamisi usingizi…" anaanza. Anafungua mlango, anabonyeza. "Karakana." Anazunguka, anatoka. "…usingizi ulishanihama tangu wiki iliyopita. Nalala chali, nalala ubavu, naona sehemu ishirini zinapita kwenye dari. Mume wangu anasema nimeanza kutaja vyumba ndotoni. Juzi nimemgeukia nikamwambia 'ghala'."

Wasiwasi wote huu si wa mkataba peke yake. Ni wa kaka yake.

Kaka yake ni fundi cherehani, au alikuwa. Macho yalianza kumwingia ukungu akiwa anatunga uzi. Miaka mitatu baadaye taa zilizimika zote mbili. Fimbo nyeupe anayo na anaijua. Lakini fimbo, kama asemavyo mwenyewe, "inakwambia mbele kuna ukuta, haikwambii ukuta ni wa nani."

Nyumba anayopanga ina milango minane kwenye korido moja, imefanana kama maharage. Wake ni wa tano. Siku moja alikuwa anarudi kwa kinyozi, anahesabu milango kwa ncha ya fimbo, mara mtu akamsalimia alipofika kwenye wa tatu. Akaitikia salamu, hesabu ikapotea. Akaingia, akaketi kitandani, akavua viatu, akasema, "Mke wangu, chai."

Sauti ikamjibu, "Sukari vijiko vingapi?"

Haikuwa ya mkewe. Ilikuwa ya jirani wa mlango wa nne, mama mmoja anayependa mzaha kuliko chakula. Yeye alicheka mpaka akashika mbavu. Mumewe, aliyeingia wakati fundi anapapasa viatu chini ya kitanda chake, hakucheka hata kidogo. Korido nzima ilitoka kusikiliza.

Huu ni mwaka na miezi miwili tangu siku hiyo. Fundi hajavuka kizingiti bila kushikwa mkono.

"Kaka yangu alikuwa mtu wa kutoka," Popo anasema, akishuka ngazi mbili mbili kwa umri wake wa miaka hamsini na miwili. "Ukimtafuta nyumbani unaambiwa katoka. Ukimfuata huko alikokwenda unaambiwa katoka. Sasa anakaa kitini, mguu unacheza chini kama anakanyaga cherehani. Siku nzima. Wifi yangu anasema sakafu itatoboka."

Mradi umeahidi mikanda kumi kwa watu kumi wasioona. Jina la fundi ni la kumi kwenye orodha. Lakini kwanza mkanda upimwe kwenye sehemu ishirini, na utambue zisizopungua kumi na sita. Usipofika hapo, mkuu wa mradi ameshasema, utawekwa kabatini pamoja na mashine nyingine zilizowahi kutaka kusaidia watu.

Na hii si mara ya kwanza kupimwa. Mara ya kwanza mkanda ulitambua nane.

Hapo ndipo lilipo tatizo ambalo wahandisi hawakufundishwa chuoni.

Popo alikuwa amefanya kazi miezi mitatu, mara mia mbili kwa siku, bila kukosa hata siku ya mafua. Siku ya kipimo, mkanda ulipelekwa kwenye bweni ukasema uko ghalani. Ukapelekwa ofisini ukasema uko ukumbini. Jikoni, wakati wapishi wanakimbizana na sufuria, ulinyamaza kabisa, kama mgeni aliyekuta wenyeji wanagombana.

Wahandisi walifungua kiboksi. Wakabadilisha betri. Wakabadilisha nyaya. Siku tatu waligombana na kile kipande cha sabuni. Siku ya nne mhandisi mkuu, binti wa miaka ishirini na saba ambaye Popo anamwita "mwanangu", aliamua kumfuata mwalimu wa mkanda kimyakimya.

Akamkuta bwenini. Popo alikuwa amevua mkanda, ameuweka juu ya dirisha. Alikuwa anatandika vitanda. Nguo zilizoanikwa kwenye kamba ya ndani alikuwa amezitoa. Mkeka umetoka nje kukung'utwa, viti vimepangwa ukutani, mapazia yamefungwa fundo. Alipomaliza kupiga deki ndipo akavaa mkanda, akabonyeza, akatamka "bweni."

"Mama, unafanya nini?"

"Naandaa."

"Unaandaa nini?"

"Si mlisema kompyuta inakuja kuona vyumba? Sasa mwanangu, mgeni aingie akute mashuka yamebiringika? Atasema nani anafagia hapa?"

Mhandisi anasema alikaa chini palepale, kwenye sakafu iliyokuwa bado mbichi.

Kwa miezi mitatu Popo alikuwa akiingia kila chumba na fagio kwanza, mkanda baadaye. Hakuambiwa asafishe. Hakuambiwa asisafishe pia. Nani angemwambia mfagiaji wa miaka kumi na mmoja kwamba mgeni huyu anataka kuona uchafu? Kompyuta imelelewa kama mwali, imeonyeshwa nyumba siku za kupokea wageni tu. Ilipokutana na bweni lenye soksi, mataulo na magodoro yaliyopinduliwa, haikujua iko wapi. Hata mtu angeuliza.

"Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo," anasema mhandisi. "Sikuwa na hasira. Nilikuwa na aibu. Nilimpa ukurasa mzima wa maelekezo, na neno la maana kuliko yote sikuliandika: acha."

Wakapewa wiki tano warudie kila kitu. Wiki hizo zinakwisha kesho.

Ukiwauliza waliomwona, watakuambia hizo ndizo wiki Popo aliteseka. Kutembea hakumchoshi. Kinachomchosha ni kuacha. Anaingia ofisi ya mhasibu, karatasi zimemwagika hadi kwenye kiti, kikombe kimekaa tangu jana na kimeanza kuota manyoya. Anabonyeza. Anatamka. Anajizungusha. Vidole vinamuwasha.

"Nilifunga mikono nyuma," anasema. "Kweli, niliifunga kwa leso. Mhandisi akadhani nimeumia."

Wanafunzi wa bwenini walifurahi. Wapishi walimtania kwamba hatimaye amefundishwa uvivu, tena kwa mshahara. Jicho alimwambia, "Kazi ya kuangalia uchafu bila kuugusa ni yangu hiyo, mama. Utaninyang'anya mkate."

"Wewe hata kuangalia huangalii," Popo akamjibu.

Jumanne hii, kwenye mzunguko wa mwisho wa siku, anasimama mlangoni mwa darasa. Kiti kimoja kimelala katikati ya njia. Anakitazama. Kiti nacho kama kinamtazama. Anabonyeza haraka, anatamka "darasa", anazunguka amefumba macho, anatoka karibu akikimbia.

Alhamisi saa nne asubuhi, wageni wamefika. Mkuu wa mradi ameshika ubao wenye karatasi na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Kuna wafadhili wawili wenye viatu vinavyong'aa. Mvaaji wa mkanda hatakiwi kuona, asije akausaidia, kwa hiyo wamemchagua fundi cherehani mwenyewe.

Ameletwa na wifi yake Popo. Amevaa shati alilolishona kabla ya ukungu, limepigwa pasi mpaka limesimama lenyewe. Mguu unacheza.

"Kaka, tulia basi," Popo anamnong'oneza.

"Tulia wewe kwanza. Umenifunga mkanda mara tatu."

"Unabana?"

"Haubani. Unanitekenya kwa vidole vyako."

Sheria ni nyepesi. Fundi anaingia, mkanda unatamka jina sikioni mwake na kwenye spika ndogo ili wote wasikie, mkuu wa mradi anaandika. Popo haruhusiwi kusema neno. Kwa Popo hiyo ni adhabu, na mume wake angelipa kiingilio kuiona.

Sehemu ya kwanza. "Korido," mkanda unasema. Tiki. Ya pili. "Ngazi." Fundi anasimama kabla fimbo haijagusa kidato cha kwanza. Mmoja wa wafadhili anakunja midomo kwa kukubali.

Bwenini soksi ziko mahali pake, yaani kila mahali. "Bweni." Tiki. Kwa mlezi wa bweni, kitanda kimoja na blanketi: "Chumba cha kulala." Tiki. Jikoni sufuria zinalia, moshi umetanda, paka anatoka. "Jikoni." Wapishi wanapiga makofi kwa mifuniko, wanafukuzwa.

Kisha mambo yanaharibika kidogo. Maktaba mkanda unaiita ofisi. Sehemu ya kufulia unaiita choo. Popo anahesabu kwa vidole ndani ya mfuko wa gauni. Karakana ya vyuma, kosa. Chumba cha mapumziko ya walimu, kosa, ingawa walimu wanakiri kwamba wao wenyewe hawajui ni chumba cha nini.

Wanapomaliza sehemu ya kumi na tisa, walizopata ni kumi na tano na walizokosa ni nne. Imebaki moja, stoo ya vifaa vya usafi, karibu na geti. Ni himaya ya Popo ya miaka kumi na mmoja. Ndoo, mafagio, ukuta wa saruji. Mwangwi wake ni mkavu, hauchanganyi na mwingine. Popo anashusha pumzi. Hii hata paka angeitambua.

Jicho, aliyekuwa akiwafuata kwa tabasamu kutwa nzima, anasema ghafla, "Hiyo stoo jamani imejaa vumbi. Wageni wataharibu viatu."

"Tunataka vumbi," mhandisi anamjibu.

Fundi anaingia. Ndani ni giza, balbu imeungua. Kwake haina tofauti. Anasimama. Mkanda unachelewa kidogo kuliko kawaida, kisha unatamka wazi, bila haya:

"Chumba cha kulala."

Mkuu wa mradi anatikisa kichwa, anaweka alama ya kosa. Mhandisi anageukia ukuta. Popo ameshika mdomo kwa mikono yote miwili, na machozi tayari yako njiani.

"Bwana mkubwa," fundi anaita kutoka ndani. "Umeshaandika?"

"Nimeandika. Pole, fundi. Umejitahidi."

"Usinipe pole kwanza. Mimi nimeshona foronya miaka ishirini." Fimbo inasikika ikigonga kitu kisichotoa mlio. Puf. Puf. "Hili hapa ni godoro."

Tochi inaletwa. Nyuma ya mafagio, kutoka ukuta hadi ukuta, limetandazwa godoro. Juu yake kuna mto, blanketi mbili, koti la mlinzi na redio ndogo iliyovishwa soksi ili isipige kelele.

Watu wote wanageuka kumtafuta Jicho. Anakagua bawaba za geti kwa makini mapya.

"Nimeambiwa wageni watapita kibandani kwangu," anasema hatimaye. "Nikasema nisafishe. Nikaleta vitu huku asubuhi. Mtu unaandaa, jamani. Mgeni aje akute godoro kwenye kibanda cha mlinzi?"

Popo hakuvumilia tena. Sheria ya kunyamaza ilivunjika hapo, pamoja na kila kitu kilichokuwa kimemkaba kwa wiki tano. Alicheka akiwa ameshika fremu ya mlango. "Na wewe umeandaa! Na wewe! Jicho halilali, bali godoro limelala!"

Mkuu wa mradi anabishana kidogo, kwa ajili ya heshima. "Kwenye karatasi yangu hii ni stoo."

"Kwenye karatasi," mhandisi anasema.

Wafadhili wanatazama godoro, wanatazama mto wenye alama ya kichwa. Yule aliyekunja midomo anauliza swali moja tu: "Mkanda unatakiwa umwambie mtu alipo, au alipotakiwa kuwa?"

Mkuu wa mradi anafuta alama ya kosa. Kumi na sita.

Fundi anatoka akipapasa ukuta, anauliza zimekuwa ngapi. Dada yake anamkumbatia kwa nguvu mpaka kiboksi kinalia kwa kubanwa. Jicho amebaki na kazi yake, kwa onyo la maandishi. Ripoti ya mradi haikulitaja godoro kwa jina, iliandika "samani laini zisizotarajiwa."

Mikanda kumi itakuwa tayari baada ya miezi miwili. Lakini kila mmoja lazima ufundishwe njia za mwenyewe, kwa hiyo wiki ijayo Popo anaanza kurekodi kwenye ile korido ya milango minane. Chumba cha kaka yake, siku kumi. Na chumba cha mlango wa nne, siku kumi pia, ili mkanda ujue kwamba hapo si kwake. Jirani amekubali, na kusema arekodiwe pamoja na bakuli la sukari. Mumewe amekubali kwa sharti kwamba naye awepo.

Ukimuuliza Popo anachotaka baada ya hapo, kwa mara ya kwanza anaketi. Anaketi kwenye ukingo wa ngazi, mguu mmoja bado umesimama.

Kwake kuna mitaa miwili kutoka kwa kaka yake, ngazi moja na milango mitatu. Kila Jumapili yeye ndiye anayekwenda. Tangu macho yazime, kaka yake hajawahi kufika kwake.

"Nataka aje mwenyewe," anasema. "Asiletwe. Wala asinipigie simu kwamba yuko njiani. Niwe nimekaa tu, nisikie fimbo kwenye ngazi."

Anajizoeza kwa siku hiyo, na mazoezi ni magumu. Mkanda utakijua chumba chake kwa jinsi kilivyo siku zote, si kwa jinsi kinavyokuwa wageni wakija. Kwa hiyo juzi usiku ameacha kiti katikati ya chumba kwa makusudi. Ameamka mara tatu kwenda kukirudisha.

Alikirudisha?

"Ile ya tatu," anakiri. "Lakini jana niliamka mara mbili tu, na nikakiacha."

Anasimama, anapangusa gauni, anatazama saa ya ukutani. Mkanda bado unafundishwa hapa chuoni mpaka wiki iishe, na leo amebakiza vyumba sita. Mlangoni anageuka.

"Miaka yote mtu akipiga hodi kwangu nasema 'subiri kidogo', nashika fagio. Kaka akija sitasema subiri. Nitasema karibu hapohapo, na viatu vitakaa vilipo."

Kisha anaingia kwenye karakana, na kutoka ndani inasikika sauti yake ikitaja alipo.